Anwani Inayobeba Kila Kitu

Mtu anatafuta ng'ombe wa maziwa kwenye tovuti ya matangazo. Anaandika maneno yake, anachagua mkoa wa Tanga, anaweka ukomo wa bei, kisha anaomba walio nafuu watangulie. Yanakuja matangazo ishirini ya kwanza. Anashuka hadi chini, anabofya namba 2. Tovuti iliyotengenezwa vizuri inamletea ng'ombe wengine wa Tanga, bei ikiendelea kupanda kutoka pale ilipoishia. Iliyotengenezwa ovyo inamletea pikipiki ya Mwanza na kiwanja cha Mbeya, maana imekwisha kusahau alichoomba. Ile ya kwanza hakuna anayeisifu. Mimi naisifu, kwa sababu kazi iliyojificha nyuma ya ile namba 2 ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Ugumu wenyewe una asili yake. HTTP, itifaki aliyoibuni Tim Berners-Lee alipokuwa kwenye maabara ya CERN, haina kumbukumbu. Kila ombi hufika kwenye seva kama la mtu asiyepata kuonekana. Basi ombi la ukurasa wa pili lazima lijieleze upya tangu mwanzo: maneno gani, mkoa upi, bei gani, mpangilio upi. Waliobuni fomu za wavuti walilijua hilo mapema. Maelezo rasmi ya lugha ya HTML 2.0, yaliyotoka Novemba 1995 kwa majina ya Berners-Lee na Dan Connolly, yanaelekeza kwamba fomu isiyobadilisha chochote itumwe kwa njia ya GET, na yanataja utafutaji katika hifadhidata kuwa unafaa hasa kwa njia hiyo. GET huyaweka majibu ya fomu ndani ya anwani. Njia nyingine, POST, huyaweka ndani ya ombi, yasionekane kwenye anwani. Ndiyo maana mtu akionyesha upya ukurasa uliotokana na POST, kivinjari humuuliza kama kweli anataka kutuma fomu tena.

Hivyo utafutaji wetu huishia kuwa mstari huu:

/matangazo?neno=ng%27ombe+wa+maziwa&mkoa=Tanga&bei_juu=2000000&panga=bei&ukurasa=2

Baada ya alama ya kuuliza kuna jozi za jina na thamani, yaani vigezo, zikitenganishwa na &. Nafasi kati ya maneno imekuwa +, na ritifaa ya ng'ombe imekuwa %27. Simu inayopenda kuipinda ritifaa itatuma %E2%80%99 badala yake, na mtengenezaji makini huhakikisha kwamba zote mbili zinamfikia ng'ombe yuleyule.

Mvivu hutengeneza kiungo cha ukurasa wa pili kwa kuandika ?ukurasa=2, basi. Anwani mpya inaifuta ya zamani, na utafutaji wote unapotea. Fundi huchukua vigezo vyote vilivyopo, hubadilisha kimoja tu, cha ukurasa, kisha huviandika upya kwa usimbaji sahihi. Kanuni ni fupi, lakini imejaa mashimo. Mtu akiweka tiki kwenye Tanga na Kilimanjaro, kigezo cha mkoa kinajitokeza mara mbili. Katika Django, mfumo wa kutengenezea tovuti, anayeigeuza orodha ya vigezo kuwa kamusi ya kawaida hubaki na mkoa mmoja au huharibu muundo wa thamani zake. Katika lugha ya PHP, jina lisilo na mabano ya mraba hubakiza thamani ya mwisho tu. Kilimanjaro inabaki, Tanga inatoweka, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu wa kumwambia mtu kilichotokea.

Lakini kubeba kila kitu si ustadi bado. Ustadi ni kujua nini kibebwe, nini kiachwe na nini kianze upya. Aliyefika ukurasa wa saba kisha akapunguza bei anapaswa kurudishwa ukurasa wa kwanza, kwani huenda sasa matokeo yake yanajaza kurasa mbili tu. Akibadilisha mpangilio, vilevile. Sehemu za fomu zilizoachwa tupu hazina haja ya kurefusha anwani. Vigezo visivyojulikana huachwa, na vinavyojulikana husafishwa kabla ya kuandikwa ndani ya ukurasa, maana mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza msimbo wake kupitia hapohapo.

Kuna kona moja inayowapima hata wazoefu. Mtu anaweza kudhani kwamba akiandika vigezo kwenye anwani ambayo fomu inatumwa, vitasafiri pamoja na majibu ya fomu. Havisafiri. Fomu ya GET hutupa kila kilichofuata alama ya kuuliza na kuweka sehemu zake mahali pake. Kwa hiyo kisanduku kidogo cha kubadilisha mpangilio, kikiwa fomu ya peke yake, lazima kibebe maneno, mkoa na bei katika sehemu zilizofichwa. Ni kazi kama ya mshono wa ndani wa nguo: humjui aliyeifanya vizuri mpaka uigeuze.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuhifadhi utafutaji kwenye kumbukumbu ya seva. Anwani inabaki fupi na ya kupendeza, mpaka mtu afungue vichupo viwili, kimoja cha ng'ombe na kingine cha mbuzi. Utafutaji wa pili unaufuta wa kwanza, na ukurasa wa pili wa ng'ombe unajaa mbuzi. Kiungo alichomtumia ndugu yake kwa WhatsApp nacho hakimfikishi ndugu popote.

Zana zimekuja kusaidia. Laravel, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa PHP, ina withQueryString, inayoambatisha vigezo vyote kwenye viungo vya kurasa. Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, ilipata lebo yake ya kazi hiyo, querystring, katika toleo la 5.1, mwaka 2024. Kwa miaka yote ya katikati watu walijiandikia zao. Zana hizo hubeba. Kuamua cha kuacha bado ni juu ya mtu.

Na hata anwani kamili haitoshi kama hifadhidata haina mpangilio thabiti. Matangazo kumi yenye bei moja yanaweza kurudi kwa mfuatano tofauti kila yanapoombwa, hivyo tangazo moja likatokea kwenye kurasa mbili na jingine lisionekane kabisa. Dawa yake ni kupanga kwa bei, kisha kwa namba ya tangazo, ambayo haijirudii.

Ukitaka kuipima tovuti, nenda ukurasa wa tatu wa utafutaji wenye masharti mengi, nakili anwani, uifungue kwenye simu ambayo haijawahi kuingia humo. Tazama kama matokeo ni yaleyale, kama fomu iliyo juu imejazwa ulivyoijaza, na kama kitufe cha kurudi nyuma kinakurudisha hatua kwa hatua. Vyote vitatu vikiwepo, ujue kuna mtu aliyekataa kukuuliza mara mbili jambo ulilokwisha kumwambia, na heshima ya aina hiyo haiji kwa bahati.