Dagaa ni Samaki Gani? Tahakiki ya Ontolojia za Bidhaa kwa Macho ya Soko la Rumonge

Wengi wetu katika Idara tunapolisikia neno ontolojia hukumbuka somo la falsafa na lile swali la kale kuhusu kuwapo kwa vitu. Wataalamu wa kompyuta walilichukua neno hilo wakalipa kazi nyingine. Tangu maelezo ya Tom Gruber ya mwaka 1993, ontolojia kwao ni maelezo bayana ya dhana zilizomo katika uwanja fulani na ya jinsi dhana hizo zinavyohusiana, yakiandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuyafuata. Katika biashara ya kielektroniki ndiyo inayoiwezesha kompyuta kutambua kwamba bidhaa ya duka hili na bidhaa ya duka lile ni kitu kimoja hata kama majina yametofautiana, au kwamba ni vitu viwili hata kama jina ni moja.

Katika makala haya tunanuia kuhakiki baadhi ya mifumo hiyo. Hatutaihakiki kama wahandisi, kwa kuwa sisi si wahandisi. Tutaipeleka Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Bujumbura, tuone inasema nini mbele ya gunia la ndagala na bidoni la mawese. Rumonge inatufaa kwa sababu mbili. Ni mji wa samaki na michikichi, na ni miongoni mwa sehemu za Burundi ambako Kiswahili, sambamba na Kirundi, kimekuwa lugha ya soko kwa muda mrefu, kama ilivyo Nyanza-Lac na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Tuliwapa wanafunzi zoezi lililoonekana jepesi: waandae orodha ya bidhaa za mwambao zinazoweza kuuzwa kwa simu, na kila bidhaa waipe jina lake la Kiswahili sanifu. Siku hizi mchuuzi anaweza kutuma picha ya mzigo wake kwa simu na kulipwa kwa Lumicash, hivyo zoezi halikuwa la kubuni tu. Orodha zilirudi zikiwa safi, tahajia sahihi, upatanisho wa kisarufi sahihi. Karibu zote ziliandika dagaa. Tulizisahihisha, tukatoa alama nzuri, na ni baadaye tu tulipojiuliza kama mnunuzi aliye mbali angeweza kununua chochote kwa orodha hizo.

Dagaa ni samaki gani? Kamusi zetu kwa kawaida humfasili kwa udogo wake, na mtu wa pwani hana ugomvi na fasili hiyo. Lakini katika Ziwa Tanganyika jina hili hufunika spishi mbili za jamii ya sadini, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Warundi wa mwambao huita ndagala, na si vigumu kuona undugu wa neno hilo na dagaa. Limnothrissa aliyekua mara nyingi huitwa lumbu. Ukienda Mwanza, dagaa ni Rastrineobola argentea, ambaye si wa jamii ya sadini kabisa. Ndiye omena wa Wakenya na mukene wa Waganda. Ukishuka Bahari ya Hindi, dagaa ni samaki wengine tena, wa maji ya chumvi. Kisha mambo hugeuka: yule Limnothrissa wa Tanganyika alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na huko akaitwa sambaza, akapelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na huko anauzwa kwa jina la kapenta. Jina moja linabeba samaki wengi, na samaki mmoja anabeba majina mengi.

Mwalimu wa semantiki atasema kwamba haya ni ya kawaida, ni sinonimia na hiponimia zilizochanganyika na lahaja. Ni kweli. Lakini darasani mkanganyiko wa aina hii huishia kwenye swali la mtihani, na sokoni huishia kwenye gunia ambalo mtu amelilipia.

Mfumo wa kwanza tunaouhakiki ndio unaotumika zaidi duniani, nao ni wa zamani kuliko mtandao: namba za forodha zinazosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, zilizoanza kutumika mwaka 1988. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, huzitumia katika ushuru wake wa pamoja. Samaki wako katika sura ya 03, na waliokaushwa, waliotiwa chumvi na waliofukizwa moshi wako chini ya namba 0305. Huu ni mti: kila kitu kina mzazi mmoja, na kisichokuwa na tawi lake hutupwa katika fungu la wengineo. Sangara wa Ziwa Victoria, Lates niloticus, ametajwa kwa jina, na minofu yake ina namba yake, 0304.33. Mukeke wa Tanganyika, Lates stappersii, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, ni ndugu wa sangara huyo, lakini hana jina katika mti huo. Sababu haijifichi. Minofu ya sangara huvuka bahari kwa wingi na watoza ushuru wanamjua. Mukeke huchomwa na kuliwa Bujumbura.

Hapa tuongeze jambo dogo kwa wanafonolojia wetu. Rumonge wana sangala, nao ni jamaa wakubwa wa Lates wa ziwa lao. Mwanza wana sangara, naye ni Lates niloticus. Mashine inayotafuta maneno kwa kufananisha herufi itaona tofauti ya l na r, itadhani ni kosa la tahajia, na itawaunganisha. Kwa ukarimu wake itakuwa imemuuzia mtu samaki wa ziwa jingine.

Mfano wa mawese unatusikitisha zaidi. Mti wa forodha huyaweka mafuta ya mchikichi katika 1511, na kuyagawa mawili: 1511.10 ni ghafi, 1511.90 ni mengineyo, yakiwemo yaliyosafishwa. Mafuta ya kokwa yana mahali pake, 1513. Kwa mwenye kiwanda, mgawanyo huu una maana. Kwa mama wa Rumonge, mawese mekundu yaliyotoka kukamuliwa si malighafi ya kitu chochote. Ni chakula kilichokamilika, na wekundu wake ndio sifa yake. Tukiitafsiri namba hiyo kwa neno ghafi na kuiweka kwenye orodha ya kuuzia, tumekitukana chakula cha watu kwa Kiswahili fasaha.

Tusiulaumu mti kwa kutofanya kazi ambayo haukupandwa kuifanya. Ulitengenezwa ili kutoza ushuru na kuhesabu biashara. Kosa ni la wale wanaouchukua na kuufanya rafu za duka.

Mfumo wa pili ni wa aina nyingine, na tunauheshimu zaidi. Mwaka 2008 Martin Hepp alitoa GoodRelations, ontolojia ya biashara ya kielektroniki iliyoandikwa kwa OWL, lugha ya ontolojia iliyopitishwa kuwa kiwango cha wavuti mwaka 2004. Mwezi Novemba 2012 sehemu kubwa yake iliingizwa katika schema.org, msamiati ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Yahoo na Microsoft, ambao hadi leo injini za kutafutia huusoma ndani ya kurasa za maduka. Ubora wa GoodRelations ni kwamba haikuanza kwa kuorodhesha vitu. Ilianza kwa kutenganisha mambo ambayo orodha huyachanganya: mwenye kuuza ni kitu kimoja, bidhaa ni kitu cha pili, ahadi ya kuuza kwa bei fulani ni kitu cha tatu, na mahali pa kuuzia ni kitu cha nne. Ahadi ina mwanzo na mwisho wake. Jambo hili mvuvi wa ndagala analielewa vizuri, kwa maana ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti samaki. Bei ya wiki ya giza haiwezi kuwa ahadi ya wiki ya mbalamwezi.

Kuna lingine lililotufurahisha kama walimu wa sarufi. GoodRelations hutofautisha kitu kimoja mahususi, muundo wa kitu, na baadhi ya vitu vya aina moja visivyotambuliwa kimoja kimoja. Simu yangu hii, simu za toleo hili, simu kadhaa za dukani. Ndagala ni wa kundi la tatu daima. Hakuna anayeuza ndagala huyu. Msemaji wa Kiswahili hujua hivyo bila kufundishwa, na ndiyo maana hutamka dagaa kama kitu cha kupimwa, akiwahesabu mafungu na magunia, si samaki wenyewe.

Hata hivyo kuna udhaifu. Mfumo umetupa mifupa bila nyama. Unajua kwamba bidhaa ina sifa, haujui sifa zipi zinamjali mnunuzi wa Rumonge. Sifa kubwa kuliko zote kwa ndagala mkavu ni mahali alipokaukia. Ndagala aliyeanikwa chini hubeba mchanga, na mlaji huujua mchanga huo kwa meno. Tangu miaka ya 2000 FAO imehimiza katika mwambao wa Burundi vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ambapo hewa hupita juu na chini na samaki hukauka upesi akiwa safi. Wanawake waliogharimia vichanja wanastahili bei tofauti. Katika namba za forodha ndagala wa mchanga na ndagala wa kichanja ni kitu kimoja, mkavu. Katika schema.org kuna nafasi ya kuandika sifa ya ziada, lakini ni nafasi tupu, kila muuzaji anaijaza kwa maneno yake: wa kichanja, wa waya, safi, wa kwanza. Mashine haiwezi kujua kuwa ni jambo moja. Mnunuzi anayepanga kwa bei atamwona wa mchanga kwanza, kwa kuwa ndiye rahisi, na aliyejenga kichanja atakaa chini ya ukurasa.

Vipimo vina hadithi yake. Mifumo hii hutumia alama za Umoja wa Mataifa, KGM kwa kilo na LTR kwa lita. Katika orodha ya vifungashio imo hata JC, ambayo ni dumu la umbo la mstatili, lile ambalo Rumonge, kwa athari ya Kifaransa, huitwa bidoni. Kwa mawese basi hatuna lalamiko. Fungu la mchuuzi ni jambo jingine. Halina uzito maalumu na halikukusudiwa kuwa nao: bei hubaki ile ile na fungu ndilo linalopungua samaki wanapoadimika. Ontolojia inayodhani kuwa kiasi hukaa na bei hupanda haijawahi kununua ndagala.

Hata mahali penyewe hapatulii. Rumonge ilikuwa komini ya mkoa wa Bururi. Mwaka 2015 ikawa makao ya mkoa wenye jina lake. Kwa mgawanyo uliotekelezwa mwaka 2025, Burundi ina mikoa mitano, na Rumonge ni komini ya mkoa wa Burunga. Muuzaji hakuhama hata hatua moja, anwani yake imebadilika mara mbili. Ontolojia nzuri huitambua Rumonge kwa utambulisho usiobadilika na kuandika mkoa kama uhusiano wenye tarehe. Orodha ya kawaida hufuta na kuandika upya.

Turudi kwenye zoezi letu. Sisi tulioagiza jina sanifu tulikuwa tumefundishwa, na tunafundisha, kwamba kazi ya mtaalamu wa istilahi ni kuchagua neno moja na kuyaweka mengine kando. Kwa kitabu cha shule msimamo huo una sababu zake. Kwa orodha ya bidhaa ni hasara. Dagaa ikishinda na ndagala, lumbu, sambaza na omena zikafutwa, Kiswahili kitakuwa kimesanifiwa na mnunuzi atakuwa amepofushwa. Ontolojia inaturuhusu kufanya vingine: kitu kipewe utambulisho wake, kisha majina yote yafungwe kwake, kila jina na mahali linaposemwa. Orodha ya FAO ya viumbe wanaovuliwa huipa kila spishi alama ya herufi tatu pamoja na majina ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Safu ya Kiswahili haimo. Mhandisi hawezi kuijaza, kwa sababu hajui kuwa mukeke na mgebuka ni mmoja. Wanafunzi wetu wa Rumonge na Kigoma wanajua, tena bila kamusi.

Kwa hiyo tulilirudia zoezi. Safari hii hatukuomba jina sanifu, tuliomba utambulisho wa Kilatini, majina yote kwa mahali, namna ya kukaushia na kipimo. Kazi ilichukua majuma matatu badala ya siku mbili, na haikwisha. Kilichoikwamisha ni vifaranga vya mukeke. Hunaswa usiku pamoja na ndagala, huanikwa nao na kuingia gunia moja. Kwa biolojia ni Lates stappersii. Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa mwambao alikataa katakata kuwaandika huko: mama yake, alisema, hajawahi kuuza mukeke mdogo, aliuza ndagala. Nusu ya darasa ilikuwa upande wake. Tumewaandika kama samaki katika safu moja na kama bidhaa katika safu nyingine, na mstari unaounganisha safu hizo mbili bado hatujakubaliana tuuite nini.