Orkoiyot Alitawalaje Bila Askari?

Kumwita Koitalel arap Samoei mfalme wa Wanandi wa Kenya ni kumpa heshima, lakini jina hilo linaficha jinsi kazi yake ilivyofanyika. Alikuwa Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, asiye na kiti cha enzi wala askari wake mwenyewe. Kesi za majirani zilimalizwa na wazee wa kokwet, baraza la ujirani, na vita vilikuwa shughuli ya pororiet, yaani eneo pamoja na kikosi cha vijana wa rika lililoshika zamu. Hata hivyo, kuanzia 1895 hadi 1905, vikosi hivyo viliwasumbua Waingereza kiasi cha kuletewa msafara wa kijeshi mara kadhaa. Reli ya Waingereza ilipofika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, waya za simu zilikatwa zikawa mapambo, na vyuma vya reli vikafuliwa silaha. Nani aliyeviunganisha vikosi visivyokuwa na jemadari mmoja?

Jibu langu ni kwamba Koitalel alishika kitu kimoja tu, ruhusa, na hicho kilimtosha. Vijana wa pororiet walipotaka kwenda kuteka ng'ombe, walipeleka shauri lao kwake kwanza. Akiona dalili njema aliwabariki, na waliporudi na mifugo alipata fungu lake. Aliyekwenda bila baraka alibeba lawama yote peke yake. Tena alikuwa na wajumbe, maotik, walioketi katika mabaraza ya pororiet na kumrudishia habari. Kila pororiet ilijua mambo yake. Yeye alijua ya zote. Baraka bila habari ingekuwa kubahatisha, na mwenye kubahatisha hakudumu katika nafasi ile: baba yake, Kimnyole arap Turukat, aliuawa kwa rungu na watu wake mwenyewe yapata 1890, uvamizi ulipoharibika na lawama ya maafa kumwangukia yeye.

Atakayesema kwamba utawala wa namna hiyo ni mambo ya ramli, wala hauna uhusiano na ufalme wa kweli, aangalie Ufaransa ya karne ya 12. Wafalme wake walipakwa mafuta matakatifu, kwa kawaida mjini Reims, lakini ardhi waliyoitawala moja kwa moja ilizunguka Paris na Orléans, na sehemu kubwa ya jeshi lao ilikuwa ya mabwana waliowaapia utii. Nao pia waliishi kwa baraka. Tofauti ilikuja na Philippe wa Pili, aliyetawala 1180 hadi 1223. Aliweka maofisa wa kulipwa mikoani, na baada ya Richard wa Uingereza kumnyang'anya nyaraka zake huko Fréteval mwaka 1194, hazina ya hati iliwekwa Paris. Mamlaka yake yakapata makao nje ya mwili wake. Ya Koitalel hayakuwa na makao hayo. Hata urithi wa baba yake aliugombania na ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, ambaye hatimaye alikimbilia kwa Wakipsigis.

Ndiyo maana Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles, alimlenga mtu huyo mmoja. Tarehe 19 Oktoba 1905 alimwita kwenye mazungumzo ya amani, naye Koitalel akapigwa risasi akafa pamoja na waliofuatana naye. Ofisa alidai amejihami. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimsafisha, kisha akaondolewa nchini. Pingamizi zito liko hapa: kama vita vilizimika miezi michache baadaye, je, hilo halithibitishi kwamba Koitalel ndiye aliyekuwa kila kitu? Sidhani. Msafara mkubwa ulikuwa umeshaandaliwa, ukasomba maelfu ya ng'ombe, ukachoma makazi na kuwafukuza watu kando ya reli. Pororiet iliyonyang'anywa mifugo haikuwa na cha kupigania wala cha kula. Kifo chake kilivunja mawasiliano wakati yalipohitajika zaidi. Njaa ikamaliza kilichobaki.

Waingereza wenyewe hawakuamini kwamba risasi ile ilitosha. Mwaka 1923, wakihofia kuwa sherehe ya saget ab eito, ya rika kukabidhi madaraka kwa jingine, ingewakusanya vijana wa pororiet zote mahali pamoja, waliipiga marufuku na kumkamata Barsirian arap Manyei, Orkoiyot na mwana wa Koitalel. Aliachiliwa 1964, Kenya ikiwa tayari huru.