Bandari Iliyotolewa Kwenye Wimbo

Kwa Kigiriki wimbo huu unaitwa Ta pediá tou Pireá, yaani Watoto wa Piraeus. Manos Hatzidakis aliutunga, maneno na muziki, kwa ajili ya filamu ya Jules Dassin ya mwaka 1960, na humo anauimba Melina Mercouri. Ukapata tuzo ya Oscar, ukazunguka dunia. Lakini watu wengi walioupenda hawajui kwamba ni wimbo wa bandari, maana uliwafikia kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza bandari haimo.

Tuanze na wa kwao. Mwanamke yuko dirishani, anatuma mabusu, nayo yanafika bandarini yakiwa ndege. Anatamani watoto, anawahesabu mpaka wanne, wakue wawe watu wa kuipa sifa Piraeus. Kwa hao watu Kigiriki kina neno moja: kijana jasiri, mwenye umbo, mkono wazi. Nimejaribu "mabarobaro", neno la pwani ambalo sisi wa Fizi tumelijulia huku Tanzania. Linakaribia, halifiki.

Sasa sikiliza vina. Mabusu ni filiá, ndege ni puliá, watoto ni pediá, na bandari yenyewe ni Pireá. Unaona? Jina la mahali ndilo linalofunga mlango. Ukilitoa, umeng'oa bawaba. Tena kwa Kigiriki mabusu, ndege na watoto vyote vina ngeli moja, kwa hiyo moja, mbili, tatu, nne inarudi vilevile kila mara, na sikio linaamini kwamba ni kitu kilekile kinachogeuka. Kwetu hapana. Mabusu mawili, ndege wawili: mabusu yanabaki upande wao. Faraja yangu ni kwamba ndege na watoto kwa Kiswahili wanakaa nyumba moja. Mfasiri akianza na ndege moja kwa moja, huenda akapona.

Wafaransa walimpa Dalida, binti wa familia ya Kiitaliano aliyezaliwa Cairo. Wakabakiza jina la bandari kwenye kichwa cha wimbo, na hesabu wakaibakiza, ila kinachohesabiwa sasa kwanza ni mashua. Ni nzuri, lakini ni picha ya mtu aliyekuja kwa likizo. Wajerumani waliniuma zaidi. Kwao wimbo unaitwa Ein Schiff wird kommen, yaani meli itakuja, na aliyevuma nao ni Lale Andersen, yule wa Lili Marleen, mtoto wa upande wa Bremerhaven, naye mtu wa bandari. Piraeus imo. Lakini wamemgeuza mwanamke: yule wa Kigiriki anatuma, huyu anangoja. Hana watoto wa kuwaza, ana meli tu itakayomleta mtu wake. Nani kambini hajui wimbo wa kungoja? Ndiyo maana nilipofafanuliwa maneno yake niliupenda haraka, kisha nikajishuku.

Kiingereza ndicho kilichokata shina. Never on Sunday: siku hizi unaweza kunibusu, Jumapili napumzika. Basi. Ratiba! Simlaumu sana aliyeandika, kwani mzaha huo umo kwenye filamu: Illya, mwanamke wa bandarini anayeuza mwili, Jumapili hafanyi kazi, anawakusanya marafiki zake. Ila yeye mwenyewe akiwa peke yake chumbani haimbi ratiba. Anaimba Piraeus.

Na Piraeus si jina la urembo. Baada ya vita vya 1922 wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka upande wa Uturuki waliingia Ugiriki, na wengi walishukia bandari hiyo. Vitongoji kama Drapetsona na Nea Kokkinia vilijaa watu hao na vibanda vyao. Dassin naye alikuwa amefukuzwa kazi Hollywood kwa siasa zake. Mercouri, mwaka 1967, alikuwa New York akiigiza mchezo uliotokana na filamu hiyohiyo wakati wanajeshi walipopindua serikali kwao. Akawasema hadharani, wakamvua uraia. Alirudi 1974, na mwaka 1977 akachaguliwa mbunge. Wa wapi? Wa Piraeus, jimbo lenye vitongoji hivyo vya wakimbizi.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo letu wenyewe. Kikundi chetu hapa Nyarugusu kinatafsiri nyimbo za Kibembe kwa watoto waliozaliwa kambini. Juzi tulifanya ule wa harusi ambamo bibi harusi anavitaja vijiji vya kando ya ziwa kimoja kimoja: Baraka, Mboko, mpaka Makobola. Mmoja akasema watoto hawavijui, tuweke "kwetu" tu. Tukaweka. Watu wakapiga makofi, hata mimi nilipiga.

Baadaye mzee mmoja wa kikundi akasema, wanangu, msiwasingizie watoto. Mtoto jina hulijua akilisikia. Ni sisi tusiotaka kulitamka. Hakuna aliyemjibu. Kila mtu pale anajua kilichotokea Makobola.

Mimi nataka majina yarudi, na sitasubiri kikao kikubaliane kuhusu machungu, maana hata sauti yenyewe inadai. Makobola ina silabi nne, na muziki pale mwisho una hatua nne za kupanda. "Kwetu" ina mbili. Siku ile mwimbaji wetu alilazimika kuivuta, kweeeetu, mpaka pumzi ikamwishia kabla ya noti ya mwisho, na wanawake wa nyuma, waliouzoea wa zamani, wakaimalizia chini chini kwa jina lake.