Usiku Usio na Nyuso

Picha ya Sam Ntiro ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilitugawa darasani. Wengi walisema Ntiro hajui kuchora: watu wake ni wadogo, bapa, nyuso zao hazisomeki, kama kazi ya mtoto. Siku ile nilinyamaza, na nimejuta.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro. Alisomea sanaa Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akaenda Slade, London. Aliyepitia shule kama ile amefundishwa kuchora uso. Akarudi, na bado akawachora wanakijiji wake vilevile. Basi tusiulize alishindwa nini. Tuulize alikataa nini.

Jibu nililipata nyumbani, Port Bell. Giza likishaingia, husimama barabarani nikawatazama wachukuzi wakipandisha mizigo kutoka ziwani. Sioni uso wa mtu. Naona mzigo kichwani, shingo iliyokazwa, na nafasi kati ya mtu na mwenzake. Jirani akikutazama usiku, hivyo ndivyo anavyokuona. Ntiro hakumteua mmoja awe shujaa. Ardhi, mimea na watu amevipa uzito uleule, ndiyo maana jicho halitulii kwa yeyote bali hutembea nao. Hali ninayoihisi mle si shangwe ya harusi. Ni ukimya wa watu wenye dhamana: pombe ya watu isimwagike njiani. (Sisi hapa pombe yetu hutoka kiwandani kwa lori, wala hakuna anayeisindikiza kwa miguu.)

Lakini kuna jambo ambalo simkubalii. Wachukuzi wa kwetu nawatambua hata gizani: mmoja huchechemea, mwingine hupiga mluzi. Wanaume wa Ntiro ukiwabadilishia nafasi, picha haitajali. Umoja ule aliupata kwa kumnyima kila mtu mwendo wake, na hilo si jambo dogo kwa mchoraji aliyekulia miongoni mwao.

Picha yenyewe iko New York, katika jumba la MoMA. Ni ndogo, kama sentimita 41 kwa 51. Mimi nimeiona kwenye simu tu. Juzi usiku niliikuza kwa vidole nikitafuta macho ya mtu mmoja, yeyote, nikaishia kwenye madoa ya rangi.