Hongera kwa Wanaochagua Filamu za IDFA

Kila Novemba, Amsterdam hupokea filamu za makala kutoka pande zote za dunia katika tamasha la IDFA, lililoanza mwaka 1988. Makofi huwaendea waongozaji, na ni haki yao. Ya kwangu leo nawapa wanaochagua: watu wanaokaa miezi kadhaa wakitazama filamu moja baada ya nyingine, wakisoma tafsiri za lugha wasizozijua, kisha wakibishana.

Filamu ya makala mara nyingi haina nyota wa kuibeba. Mchaguzi hulazimika kujiuliza kama aliyepigwa picha ametendewa haki, kama kamera imemsubiri au imemvamia.

Mwaka 2019 walionyesha The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana anarudi kijijini, Pwani ya Kenya, baada ya kusikia kwamba nyanya yake anatuhumiwa uchawi. Mwenye pupa angetuletea vitisho na ngoma za usiku. Filamu hii inakaa na mama mzee shambani, inawasikiliza jamaa wakivutana, na taratibu suala la ardhi linajitokeza lenyewe. Kuitambua kazi tulivu namna hiyo, katikati ya nyingi zinazopiga kelele, kunataka subira na heshima kwa watu wa mbali. Nawashukuru kwa moyo wote.

Baadaye Kenya nayo iliichagua filamu hiyo hiyo kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar.