Shabaha, Lengo na Walengwa

Wanafunzi wa tafsiri huliona neno "lengwa" kuwa la kawaida kabisa: lugha lengwa, hadhira lengwa. Nje ya darasa, hapa Bukavu, neno hilo lina uzito ambao istilahi zetu hazijaupima, na yafaa kwanza tuwatazame jamaa zake.

Shabaha asili yake ni Kiarabu. Mzizi sh-b-h wahusu kufanana, nao umetuzalia pia shabihi, mshabaha na tashbihi ya wanafasihi. Kiarabu kina neno jingine linalokaribiana nalo, lenye h ya kooni, litajalo umbo lionekanalo kwa mbali, hata mzuka. Kiswahili hakizitofautishi h hizo mbili. Kwa vyovyote, shabaha ni jambo la macho: umbo lililo mbele ya mpigaji. Kutoka hapo maana ilipanuka ikawa ustadi (fulani ana shabaha), kisha nia.

Lengo lilipita njia nyingine. Ni nomino ya kitenzi kulenga, na huanza kwa mtendaji aelekezaye mkono au silaha. (Lengalenga, mboga ya masoko yetu, isihusishwe hapa kwa sababu tu ya mlio.) Siku hizi lengo limekaribia kuimeza shabaha: kila mradi una malengo, na shabaha imebaki kwa wenye bunduki.

Tatizo liko kwenye "walengwa". Wakimbizi walipoingia Bukavu mwaka 1994, mashirika ya misaada yaliongezeka, na Kifaransa chao kilikuwa na neno cible, yaani kibao cha kupigwa shabaha. "Walengwa" ni tafsiri yake sisisi. Kisarufi halina kasoro. Lakini kauli ya kutendwa humficha mtenda: wamelengwa na nani, na kwa kitu gani? Sentensi "wajane ndio walengwa" haitujulishi kama wanaletewa unga au risasi. Katika mji uliovamiwa mwaka 1996, ukapiganiwa mwaka 1998 na 2004, na kuingiwa na M23 Februari 2025, huo si utata wa kuchekesha. Msikilizaji aliyepata kulengwa kwelikweli hasikii sitiari.

Wengine hupendekeza "wanufaika". Hatukubaliani nao: mradi ambao haujaanza hauna mnufaika, na mingine humalizika bila kuwa naye. Neno hilo hutoa hukumu kabla ya kazi. Bora "waliokusudiwa". Kusudi nalo lilitoka Kiarabu, lakini ni la moyoni, halikushika silaha. Tena hubakiza nafasi ya kuuliza kama kilichokusudiwa kiliwafikia. Ni refu kidogo, jambo ambalo waandishi wa ripoti watalilalamikia, ingawa kurasa hawazionei huruma kwingineko.

Kwa "lugha lengwa" hatuna ugomvi. Kwa watu, tungependa wanafunzi wanaotafsiri ripoti wajaribu "waliokusudiwa" kwanza, kisha wazisome sentensi zao kwa sauti mbele ya hao wanaotajwa.