Visawe na Ukweli wa Sentensi

Msamiati wa Kiswahili ni mpana, nao upana huo umewapa walimu wetu zoezi moja linalopendwa sana madarasani: kuchukua sentensi moja na kuifanya izae nyingine nyingi kwa kubadilisha visawe. Zoezi hili lina faida, kwa maana humwongezea mwanafunzi akiba ya maneno. Lakini lisipoangaliwa, humzoesha kuamini kwamba maneno yanayokaribiana ni maneno yaliyo sawa. Katika makala haya tunakusudia kulipima zoezi hili kwa mambo mawili, yaani maisha na ushairi.

Tuchukue mfano wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta dagaa. Kunapopambazuka hurudi nchi kavu, na dagaa wakaanikwa juani. Mwalimu aweza kuandika hivi:

Mvuvi (alirejea/alirudi/aliwasili) (mwaloni/ufukoni/pwani) (alfajiri/asubuhi).

Kila mabano ni nafasi moja, na kila mkwaju watenga neno na mwenzake. Tukizidisha 3 kwa 3 kwa 2, twapata sentensi 18. Zote ni sahihi kwa sarufi. Je, zote zasema jambo moja?

Hasha. Aliyerejea au kurudi alitoka hapo kwanza. Aliyewasili aweza kuwa mgeni asiyepata kukanyaga mchanga huo. Ufuko ni ukingo wowote wa maji. Pwani huwapeleka wasikilizaji wengi baharini. Bali mwalo ni mahali vyombo vinapotia nanga na samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Ni ufuko wenye kazi na watu. Tena alfajiri si asubuhi: ya kwanza hutangulia jua, ya pili huja nalo. Mwenye kuanika dagaa aijua tofauti hiyo, kwani saa za jua ndizo mali yake. Basi kati ya sentensi 18, zinazomtaja mvuvi wetu sawasawa ni 2 tu: alirejea mwaloni alfajiri, au alirudi mwaloni alfajiri.

Na hizo 2 nazo, mshairi atazitenga. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji katika mwambao huu huu, alitoa mwaka 1954 kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichowafunza wengi kanuni za vina na mizani. Kipande cha shairi lililozoeleka kina mizani 8. Hesabu: "Mvuvi alirejea" ni mizani 8 kamili, "Mvuvi alirudi" ni 7, na kipande chapwaya. "Mvuvi aliwasili" nayo ni 8, na kina chake ni *li*. Hapa ndipo penye mtego. Mtunzi anayetafuta kina cha *li* atashawishika kuandika aliwasili, na mara mwenyeji wa Mwamgongo atakuwa amegeuzwa mgeni kijijini kwake. Sikio limeridhika, ukweli umepotea. Sisi tulio watunzi twakiri kwamba dhambi hii tumeitenda mara nyingi kuliko tunavyopenda kuhesabiwa.

Tumepata kuona daftari la mwanafunzi mmoja wa mwambao huo ambamo neno mwaloni lilikatwa kwa wino mwekundu na juu yake likaandikwa pwani, kana kwamba la kwanza ni la kijijini na la pili ndilo la Kiswahili. Kosa halikuwa la mtoto. Yeye alichagua neno moja linalotosha, naye akafundishwa kuliona haya. Lugha ya taifa haijengwi kwa kuyafuta maneno ya maziwa ili yabaki ya bahari peke yake.

Kwa hiyo twawashauri walimu wasiliache zoezi hili, bali waliongezee hatua ya pili. Mwanafunzi akishatunga sentensi zake 18, aulizwe: ni ipi ungemsomea mvuvi mwenyewe asikusahihishe? Kuzalisha sentensi ni hesabu, na hesabu haina shida. Kuchagua moja na kueleza sababu ndiko kujua lugha.